Ghala moja, vibuyu vya majumbani au siku ya mbegu: kikundi chenu kianze na kipi?

Mvua ya kwanza ya Novemba ikinyesha huku kwetu Uyui, mkoani Tabora, kila nyumba inakwenda kufungua mbegu yake, na hapo ndipo siri zinapotoka. Mwaka juzi jirani yangu alishusha ndoo ya mahindi aliyoipandisha juu ya kabati tangu Juni, akafungua, akaingiza mkono. Unga. Punje zilikuwa na umbo la punje bado, ila ukizibana kwa vidole zinasagika, na chini kabisa dumuzi walikuwa wakitembea polepole kama watu waliotoka kula pilau. Yalikuwa mahindi ya marehemu baba yake, meupe, ya punje ngumu, ambayo duka la pembejeo halijawahi kuyauza. Alizunguka siku tatu kuyatafuta. Mwisho akayapata kwa shemeji yake kule Urambo, vikombe viwili.

Visa kama hicho ndivyo vinavyowafanya watu waseme "tuanzishe maktaba ya mbegu". Wengine wanasema benki ya mbegu, wengine ghala. Wazo ni lilelile: mtu achukue mbegu msimu ukianza, apande, avune, arudishe. Ubishi unakuja kwenye namna ya kuipanga. Tutafute chumba kimoja? Kila nyumba itunze aina zake? Au tusiweke kitu chochote, tukutane mara moja kwa mwaka tubadilishane tu? Nimekaa kwenye vikao vya namna hii mpaka nikachoka chai ya rangi, na nimeona njia zote tatu zikisimama, na zote tatu zikifa. Hakuna hata moja niliyo tayari kuiapia.

Tunapima nini

Kwanza, *mbegu itaota?* Mbegu inapumua, inazeeka, na inaweza kufa huku kwa macho ikionekana nzima. Wanaosomea mbegu wana kanuni rahisi ya kukadiria: unyevu uliomo ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, muda wake wa kuishi ghalani unakaribia kuongezeka maradufu, na joto likishuka kwa nyuzi 5 za Selsiasi inakuwa hivyohivyo. Kupoza kunataka umeme. Kukausha kunataka mkeka na jua, na sisi tulio na masika moja tu, ya Novemba hadi Aprili, tunalo jua la kutosha kuanzia Mei. Ubaya ni kwamba jua hilohilo, likifika Septemba na Oktoba, linageuza chumba cha bati kuwa tanuri. Kisha kuna mdudu. Dumuzi, anayetokea Amerika ya Kati, alionekana Afrika kwa mara ya kwanza hapahapa mkoani Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970. Basi mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa dumuzi ni nani.

Pili, *itarudi?* Mbegu inaombwa Novemba, vihenge vinapoanza kutoa mwangwi, na debe la mbegu halina tofauti na debe la chakula mtoto akilia njaa Januari. Marejesho yameua maktaba nyingi kuliko wadudu.

Tatu, *itabaki ileile?* Njugu mawe, karanga, mpunga, kunde na maharage hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mistari michache ukiitunza vizuri aina haipotei. Mahindi yanachavushwa na upepo. Shamba la jirani lililo mita 50 tu litaingiza chavua yake kwako. Alizeti inachavushwa na nyuki, na Tabora nyuki ni wengi kuliko sisi.

Nne, *kazi na fedha*: nani anafanya, nani analipa, na atachoka lini.

Sheria naimaliza hapahapa kwa sababu ni moja kwa njia zote. Wakulima kugawana na kubadilishana mbegu zao za asili ni jambo la enzi na enzi. Ukianza kuziuza ukiziita mbegu, umeingia kwenye Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 na mikononi mwa TOSCI, taasisi ya serikali inayodhibiti ubora wa mbegu, makao yake Morogoro. Tena aina mpya zilizosajiliwa chini ya sheria ya 2012 ya haki za wagunduzi wa aina za mimea msizitie kwenye mzunguko kabla ya kuuliza. Msidhani ni sisi peke yetu tunaobanwa. Mwaka 2014, katika jimbo la Pennsylvania kule Marekani, maktaba ya vitabu iliyokuwa ikiazimisha mbegu iliambiwa na idara ya kilimo ya jimbo kwamba inagusa sheria ya mbegu. Ikabidi ibadilishe utaratibu wake. Mweleze afisa mtendaji na bwana shamba mapema, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao, yaishe.

Halafu msiweke chotara. Mahindi chotara uliyovuna ukiyapanda tena yatatoka marefu, mafupi, ya kati, na mavuno yatashuka. Yanayofaa maktaba ni mahindi ya asili na yale ya kitaalamu yasiyo chotara, kama Staha, Situka au TMV-1.

1. Ghala moja la kikundi

Hapa ni chumba kimoja, mapipa au mifuko, daftari, kamati na ufunguo.

*Uhai wa mbegu.* Faida yake ni kwamba kipimo ni kimoja kwa wote. Anayeleta mbegu anakutana na chupa ya chumvi mlangoni: unachukua chupa ya kioo iliyo kavu, unatia mbegu kiasi cha robo, unaongeza kijiko kikubwa cha chumvi kavu, unatikisa dakika moja au mbili, unaiacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu wa mbegu umezidi asilimia 15, na mwenye mbegu anarudi nazo mkekani. Isiponata, bado anika siku mbili tatu tena, kwa sababu chombo cha kubana kinataka mahindi yaliyo chini ya asilimia 13, na karanga kavu zaidi ya hapo. Baada ya hapo mifuko ya PICS inafanya kazi yake: miwili ya nailoni ndani, mmoja wa kusokotwa nje, ikifungwa vizuri wadudu wanamaliza hewa na kufa. Kosa linalorudiwa ni mwenyekiti kufungua mfuko kila mgeni akija. Kila ukiufungua umewapelekea dumuzi hewa ya kuanzia upya.

Ila likiingia baya kwenye ghala moja, limewaingilia wote. Kuna kikundi nilichokitembelea kilipewa stoo ya bati isiyo na dari. Mwezi wa kumi tuliingia tukashindwa kumaliza hesabu ya mifuko, jasho linaingia machoni. Tulipojaribu kuotesha punje 100 za mahindi kwenye kitambaa kibichi, baada ya siku saba zilikuwa zimeota 41. Walikuwa na mapipa mazuri, makufuli mazuri, na katiba ya kurasa kumi na mbili. Dari ya matete na udongo ingewasaidia kuliko vyote hivyo.

*Marejesho.* Kwenye karatasi, hii ndiyo njia iliyojengwa vizuri zaidi. Watu wetu wanajua kikoba: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hesabu mbele ya wote. Mpeleke hivyohivyo kwenye mbegu. Umekopa sado moja, unarudisha moja na nusu. Nusu ile ni ya mwanachama mpya na ya kufidia waliopata ukame. Siku ya kurudisha iwe moja, ya wote, mara tu baada ya kuvuna na kukausha, mathalani Jumamosi ya mwisho ya Juni. Neno "ukipata utaleta" likitoka tu mdomoni mwa katibu, mbegu hiyo isahauni.

Penye udhaifu ni pale ghala linapoonekana mali ya mradi. Mtu anayerudisha kwa jirani huchagua punje safi. Anayerudisha kwa mradi huleta zilizobaki baada ya kuuza. Kwa hiyo anayepokea awe mtu asiyeona haya kukataa. Kwetu tulimchagua mama mmoja ambaye hata mkwewe alimrudisha nyumbani na gunia lake. Kikao kilicheka, lakini msimu uliofuata hakuna aliyethubutu kuleta makapi.

*Usafi wa aina.* Hapa ghala linachechemea. Kila anayerudisha anasema "ni yaleyale", na yote yanamwagwa kwenye pipa moja. Misimu mitatu, una pipa la mahindi ya kila rangi. Dawa yake ni kutochanganya: mfuko mdogo kwa kila mwanachama, jina la aina, jina la aliyevuna, mwaka, na karatasi ya pili ndani ya mfuko kwa sababu ya nje panya huanza nayo. Mahindi ya mbegu yalimwe na wachache wenye mashamba ya pembeni, mita 200 au zaidi kutoka kwa mahindi mengine, au wapande wiki tatu nne tofauti na majirani ili mbelewele zisikutane. Na magunzi yachaguliwe kutoka mimea mingi, mia na kuendelea. Ukichagua magunzi kumi mazuri tu kila mwaka, uzao unadhoofika wenyewe.

*Kazi na fedha.* Nyingi kuliko njia nyingine. Chumba, mapipa, mifuko, makufuli, mizani, na mtunza ghala ambaye mwaka wa kwanza atajitolea kwa moyo, wa pili kwa aibu, wa tatu hataonekana. Mtengeeni kitu, hata kama ni sado kadhaa za marejesho.

*Inamfaa nani.* Kikundi ambacho tayari kinaaminiana kwa fedha, mazao yanayotumika kwa wingi kama mahindi na mpunga, na kijiji ambacho wengi ni wageni wasio na ndugu wa kuomba. Hili la mwisho nitalirudia.

2. Vibuyu vya majumbani

Hakuna ghala. Kila nyumba iliyokubali inatunza aina moja au mbili, na kikundi kina daftari linaloonyesha nini kiko wapi.

*Uhai wa mbegu.* Wengi huidharau njia hii kwa sababu inafanana na umaskini. Nendeni mkaone kwanza. Bibi mmoja wa hapa kwetu anatunza njugu mawe za aina nne: nyeupe, nyekundu iliyokolea, nyeusi, na ile ya krimu yenye jicho jeusi, anayoipenda kuliko wajukuu. Anazianika na maganda yake mpaka ukitikisa zinalia. Za mwaka unaofuata anaziacha kwenye maganda. Za akiba anabangua, anazichekecha, anazichanganya na majivu makavu ya jikoni yaliyopita kwenye chekeche, anazijaza kwenye kibuyu mpaka shingoni pasibaki nafasi. Kifuniko ni kipande cha gunzi, kinapakwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, kisha kibuyu kinaning'inizwa juu ya mafiga. Nilimuuliza kwa nini anajaza hadi juu. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini mlango una bawaba. "Pakibaki nafasi, mdudu anapata pa kuchezea."

Ukimwondolea bibi kibuyu ukampa mfuko wa PICS, maelezo hayabadiliki: hewa ichache, unyevu uchache. Majivu laini yanaziba mianya kati ya punje na kumkwaruza mdudu ngozi hadi anakauka. Moshi unafukuza fukusi na kuendelea kukausha. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa na vilindo vya magome kwa kazi ya namna hiyo. Ila jiko la moshi linapungua. Nyumba iliyohamia mkaa au gesi haina tena ukavu ule darini, na mtunzaji asiyejua hilo anaweza kuning'iniza kibuyu chake kwa heshima zote na kuvuna fukusi.

Nguvu kubwa ya njia hii ni kutawanya. Wekeni kanuni: hakuna aina inayokaa nyumba moja. Tatu ndiyo idadi yetu, na moja kati ya hizo iwe kitongoji kingine. Nyumba moja ikiungua au ikiliwa na dumuzi, mbili zipo.

*Marejesho.* Hapa deni ni la mtu kwa mtu, na aibu inafanya kazi kuliko katiba. Ukichukua kikombe cha njugu kwa shangazi usirudishe, utaulizwa msibani, mbele ya wakwe. Sijaona kamati yenye makali hayo.

Lakini aibu hiyohiyo ina ubaguzi ndani yake. Vijiji vya Tabora vimejaa watu waliohamia, wafugaji na wakulima, kutoka pande nyingi za nchi. Asiye na shangazi hapa anamwendea nani? Nimeona daftari zuri la watunzaji ambalo, ukilisoma kwa makini, waliochukua mbegu wote ni wa koo mbili. Mkichagua njia hii, iandikeni kwamba kila mtunzaji anatoa kwa watu wasiopungua wawili wasio jamaa zake kila msimu. Jingine: mtunzaji akifariki, ujuzi unazikwa naye. Wajukuu wanakuta kibuyu, wanakipika. Kila mtunzaji awe na kijana anayemwandama, na jina la kijana huyo liandikwe pia.

*Usafi wa aina.* Kwa mazao yanayojichavusha, hakuna anayemfikia mwanamke aliyeshika aina ileile miaka thelathini. Yeye hachagui mbegu ghalani, anaichagua shambani, mmea ukiwa bado umesimama, anafunga kitambaa kwenye shina zuri lisilo na ugonjwa. Kwa mahindi nyumba ndogo yenye eka moja katikati ya majirani haiwezi, hata iwe na nia gani.

*Kazi na fedha.* Fedha karibu hakuna. Kazi ni daftari, na daftari ni kazi kweli: mtu wa kupita nyumba zote mara mbili kwa mwaka, Julai na Oktoba, kuangalia, kuonja ukavu kwa meno, kuotesha punje kadhaa. Asipopita, baada ya miaka miwili daftari linasimulia mbegu zilizokwisha kuliwa.

*Inamfaa nani.* Njugu mawe, kunde, choroko, maboga, mlenda, mgagani, na chochote kinachotunzwa kwa vikombe badala ya magunia. Kijiji chenye wazee wanaojua na vijana wanaosikiliza. Kikundi kisicho na shilingi.

3. Siku ya mbegu

Siku moja kwa mwaka, chini ya mwembe, kila mtu na mbegu zake kwenye makopo na bahasha. Mnaonyeshana, mnaulizana, mnabadilishana, mnaagana.

*Uhai wa mbegu.* Siku haihifadhi kitu. Kila mmoja ametunza alivyojua. Mnachoweza ni kumtaka kila mleta mbegu aje na majibu ya kuotesha: amepanga punje ngapi, zimeota ngapi. Zikiota 80 kwa 100 ni nzuri, 60 ongeza idadi kwenye shimo, chini ya 50, basi hiyo ni chakula, mradi haijapakwa dawa. Naomba niseme hili kwa sauti: mbegu iliyopakwa dawa isiingie kwenye kubadilishana, kwa sababu ikifika Januari kuna mtu atailoweka na kuipika. Tarehe nayo ina maana. Agosti watu wamevuna na hawajauza vyote, na wengi huja mjini kwa maonyesho ya Nanenane, Ipuli. Oktoba hamu ni kubwa zaidi, lakini mwenye mbegu ameshaipangia shamba.

*Marejesho.* Hakuna deni, hivyo hakuna ugomvi. Pia hakuna uhakika. Aliyepokea akiliwa na ukame, mwakani anakuja mikono mitupu, na asiye na kitu cha kubadilisha anaona haya kuja. Tulijaribu kuweka meza moja ya "chukua bila kutoa", tukaipa kijana aisimamie. Waliochukua wengi walirudi mwaka uliofuata na kitu mkononi, hata kama ni mbegu za pilipili.

*Usafi wa aina.* Dhaifu. "Haya ni mahindi ya Sikonge" ndiyo historia yote utakayopata. Kwa mbegu za punje hasara yake inavumilika: panda kidogo pembeni, tazama. Lakini mihogo na viazi si punje. Pingili za mihogo zinabeba magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia kutoka shamba hadi shamba. Shina linaweza kuonekana zima kabisa, ukichimba mzizi umeoza kwa mabaka. Mimi ningekataza pingili na marando siku hiyo, isipokuwa zilizotoka shamba ambalo bwana shamba amelikagua mimea ikiwa na majani. Walioona mihogo ikiangamia kule Kigoma wananielewa.

*Kazi na fedha.* Siku moja ya kazi, turubai kama hakuna mti, bahasha na kalamu, na chakula. Msipuuze chakula. Siku isiyo na ugali watu huondoka saa sita, na mazungumzo mazuri huanza saa saba.

*Inamfaa nani.* Wanaoanza na hawajui kijiji kina nini. Watu wa Tabora mjini wenye bustani nyuma ya nyumba. Vijiji viwili vitatu vinavyotaka kuchanganya damu ya mbegu bila kuchanganya kamati.

Na wale wanaotaka kuuza

Kila kikao kina mtu wa hivi, na hana kosa. Ipo njia: mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, maarufu QDS, ambapo mkulima au kikundi kinasajiliwa, kinafunzwa, shamba linakaguliwa, na mbegu inauzwa katika eneo lililopangwa. Lakini mbegu mama lazima iwe ya aina iliyosajiliwa, kwa mfano karanga za Pendo. Njugu nyekundu za bibi haziingii humo. Fanyeni kama kazi ya pembeni, yenye daftari lake na mifuko yake, msiichanganye na maktaba.

Kwa hali yenu

Kama kikundi chenu ni cha kikoba kilichodumu miaka kadhaa bila fedha kupotea, na zao linalowaliza ni mahindi au mpunga, ghala linawafaa. Jengeni dari kabla ya kununua mapipa.

Kama kijiji ni cha zamani, wazee wapo, na hofu yenu ni aina za asili kupotea, anzeni na vibuyu. Kazi ya wiki ya kwanza ni kupita na daftari mkiuliza maswali matatu tu: una mbegu gani, uliipata kwa nani, nani mwingine anayo. Majibu ya swali la tatu yatawashangaza. Mara nyingi ni "hakuna".

Kama nusu ya kijiji ni wahamiaji na hamjuani vizuri, vibuyu vitawagawa. Hapo ghala lenye masharti sawa kwa wote lina haki zaidi, au siku ya mbegu misimu miwili ya kwanza mpaka majina yazoeleke.

Kama zao lenu ni karanga, pigeni hesabu kwanza. Eka moja ya mahindi inataka kilo 8 hadi 10 za mbegu. Ya karanga inataka kilo 35 au 40 zilizobanguliwa. Kikombe cha karanga kitakuchukua misimu mitatu kufikia shamba. Hapo maktaba ni ya kuanzishia aina mpya, wala isiahidi kulisha mashamba ya wanachama.

Kama ni viazi na mihogo, hakuna hata moja kati ya hizi tatu. Mnachohitaji ni kitalu cha marando karibu na maji ya kiangazi na shamba mama la mihogo iliyokaguliwa, na TARI Tumbi, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, hawako mbali na mji wa Tabora, nendeni mkaulize.

Wapo wanaoanza na siku ya mbegu, wakajua nani anatunza nini, wakaandika daftari, na ghala likaja baadaye kwa mazao mawili tu. Wengine wameanza na ghala wakarudi kwenye vibuyu. Sioni aibu katika safari yoyote kati ya hizo.

Na kama huna kikundi kabisa, mtafute mtu mmoja wa kijiji kingine, mpe vikombe viwili vya mbegu yako, umwambie yeye ndiye nyumba yako ya pili. Jirani yangu na shemeji yake wa Urambo wanafanya hivyo sasa. Kila Septemba kuna mfuko mdogo mweusi unaopanda basi, mmoja kwenda, mmoja kurudi, na utingo ameshazoea. Hata nauli yake haulizi tena.